UZI: "Lean", "tilt", "slant", "list"... lini ni kuinama, lini ni kuegemea, lini ni kulala?

#1 Kalamu Mbili

Wakuu, salaam.

Uzi huu ni wa wafasiri, wahariri, walimu na yeyote anayeandika maelezo ya kazi kwa Kiswahili. Kiingereza kina ukoo mkubwa wa maneno ya kitu kisichosimama wima: "lean", "tilt", "slant", "slope", "incline", "list", "heel", "askew", "aslant". Ukifungua kamusi ya lugha mbili unakuta karibu yote yamepewa majibu mawili tu, inama na egemea. Ndipo tunapopata sentensi zisizo na kosa la sarufi ambazo zinasema jambo jingine kabisa.

Hoja yangu ni hii: Kiswahili hakianzi kwa kuuliza kitu kimepotoka kwa kiasi gani. Kinauliza uzito wake umebebwa na nini. Jibu swali hilo kwanza, kitenzi kitakuja chenyewe.

Tuangalie mti mmoja karibu na nyumba.

"Mti umeinamia nyumba." Mti umepinda kuelekea nyumba, lakini bado unajibeba kwa mizizi yake. Haujagusa kitu.

"Mti umeegemea nyumba." Mti umegusa. Sehemu ya uzito wake sasa iko juu ya ukuta au paa, na ukiuondoa ukuta mti unashuka.

"Mti umelalia nyumba." Mti umekwisha kwenda, uzito wote au karibu wote uko juu ya nyumba.

Kiingereza kinaweza kutumia "lean" kwa hali ya kwanza na ya pili, kikabadilisha kihusishi tu: "leaning over the house", "leaning against the house". Mfasiri akiruka hicho kihusishi kidogo, taarifa ya hatari inageuka. Anayesoma "umeinamia" ataita mtu wa kupunguza matawi. Anayesoma "umeegemea" anapaswa kuwatoa watu ndani kwanza.

Kwa hiyo: egama na egemea zinadai kitu cha pili. Inama haidai. Ndiyo maana "mnara unaoegemea wa Pisa", ninaoukuta mara kwa mara kwenye tafsiri, ni kosa. Unaegemea nini? Hakuna ukuta, hakuna nguzo. Mnara ule umeinama.

Karibuni tuongeze na kusahihishana.

#2 Mhariri wa Zamu

Mkuu umeanza vizuri. Niongeze jambo la njeo, yaani wakati na hali ya kitenzi, maana hapo ndipo wengi wanapoteleza hata wakishapata kitenzi sahihi.

"The tower is leaning" ikifasiriwa neno kwa neno inakuwa "mnara unainama". Kwa Kiswahili -na- inamwambia msomaji kwamba tendo linaendelea sasa hivi, yaani mnara unazidi kwenda. Kama unaeleza hali tu, ni -me-: "mnara umeinama". Vitenzi vyote vya mkao wa mwili na wa vitu vinafuata kanuni hiyo: amesimama, amekaa, amelala, ameegemea, kimeinama. Hakuna anayesema "yule mtu anasimama pale mlangoni" akimaanisha yupo wima pale.

Pisa ni mfano mzuri kwa sababu njeo zote mbili zimewahi kuwa za kweli. Ujenzi ulianza 1173, na ardhi laini upande wa kusini ikaanza kudidimia ujenzi ukiwa bado unaendelea. Kwa karne nyingi mnara ulikuwa *unainama*, unaongeza kidogo kidogo. Kati ya 1999 na 2001 wahandisi walichomoa udongo chini ya upande wa kaskazini, ule uliokuwa juu, mnara ukarudi takriban nusu digrii na ukatulia. Tangu hapo *umeinama*. Tofauti ya silabi moja, na ndani yake kuna habari nzima ya uhandisi.

Kwenye taarifa ya ukaguzi, "ukuta unainama" ni dai zito. Linahitaji vipimo viwili vya tarehe tofauti. Kipimo kimoja kinakuruhusu kusema "umeinama" tu.

#3 Sentensi Fupi

Wakuu naomba kuuliza. "Egama" na "egemea" zina tofauti yoyote au ni lahaja tu? Na "egesha" nayo iko ukoo huohuo?

#4 Kalamu Mbili

@Sentensi Fupi, egama ni shina, egemea ni kauli ya kutendea. Anayesema "mzee ameegama" anakupa mkao: mtu amejilaza kidogo, mgongo umepata mahali. Anayesema "mzee ameegemea mto" anakutajia na kinachombeba. Ndiyo maana egemea haitulii bila yambwa, yaani kile kinachoegemewa. Sentensi "ngazi imeegemea" inamwacha msomaji akingoja.

Kisha kuna egemeza, wewe ndiye unayekifanya kitu kiegemee: "egemeza ngazi ukutani". Kuna egemewa, upande wa anayebeba: "ukuta umeegemewa na mbao kumi". Na kuna egemeana, ambayo Kiingereza kinahitaji maneno kadhaa kuifikia: "vitabu vimeegemeana". Ukikitoa kimoja, cha pili kinaanguka, na neno lenyewe limekwisha kukuonya.

Egesha chunga. Ni kukileta kitu karibu na kingine: egesha gari, egesha chombo gatini. Gari lililoegeshwa halijaegemea chochote, au likiwa limeegemea basi kuna mtu anadaiwa bamba la gari. Ukitaka "lean the bicycle against the fence", usiandike "egesha baiskeli kwenye uzio". Anayesoma ataiweka karibu na uzio kwa stendi yake, na atakuwa amekutii.

#5 Fundi Pimamaji

Habari wakuu. Upande wa ujenzi maneno haya tunayatumia kila siku, na makosa yake yanaonekana kwa macho.

Ukuta unaweza kupotoka kwa namna tatu ambazo watu wa nje huziita zote "umeinama". Ukuta *umeinama* pale uso wake wote umenyooka lakini hauko wima. Ukuta *umetoa tumbo* pale juu na chini viko sawa ila katikati pamesukumwa nje. Ukuta *umetitia* pale msingi umeshuka upande mmoja. Dawa ya kila moja ni tofauti, kwa hiyo ukiandika neno la jumla fundi atakayekuja ataleta vifaa visivyohusika.

Jinsi ya kujua ni lipi: chukua timazi, yaani kamba yenye kichuma kizito nchani. Juu ya ukuta weka kipande cha mbao chenye unene unaoujua, tuseme sentimita 5, kamba ishuke kutoka kwenye ncha yake. Ngoja itulie. Kama kuna upepo, zamisha kichuma cha timazi ndani ya ndoo ya maji, kitaacha kubembea. Sasa pima nafasi kati ya kamba na ukuta, juu, katikati na chini.

Sentimita 5 sehemu zote tatu, ukuta uko wima. Ukipata 5 juu, 6.5 katikati na 8 chini, kilele kimetoka nje sentimita 3: ukuta umeinamia nje. Ukipata 5 juu, 3.5 katikati na 2 chini, umeinamia ndani. Ukipata 5 juu, 2 katikati na 5 chini, hilo ni tumbo, na kuliita mwinamo ni kosa.

Kwenye maandishi usiseme "umeinama kidogo". Andika: "Ukuta umeinamia nje sentimita 3 katika kimo cha mita 3." Hiyo ni sentimita 1 kwa kila mita, zaidi kidogo ya nusu digrii. Kanuni ya kukumbuka bila kikokotoo: digrii 1 ni karibu milimita 17.5 kwa kila mita ya kimo. Inafaa kwa pembe ndogo zote za kazi yetu.

Na tafadhali, kuinamia *wapi* ni lazima. Hiyo -ia ya mwisho si pambo. "Umeinama" peke yake haimwambii mtu asimame upande gani.

#6 Fundi Pimamaji

Nimesahau ngazi, na ngazi ndiyo mfano halisi wa kuegemea. Mguu wa ngazi utoke ukutani robo ya kimo cha pale inapogusa juu. Ikigusa ukuta mita 4 kutoka chini, mguu uwe mita 1 kutoka ukutani. Hapo ngazi iko takriban digrii 75 kutoka sakafuni. Ukiisogeza karibu zaidi, inaweza kurudi nyuma na wewe. Ukiivuta mbali zaidi, mguu unateleza.

Angalia nilivyosema "kutoka sakafuni". Ngazi ileile iko digrii 15 kutoka wima. Mwandishi akiandika "ngazi iegemezwe kwa digrii 15" bila kusema kutoka wapi, yupo atakayeilaza karibu na ardhi. Mnara wa Pisa unapimwa kutoka wima. Mhimili wa Dunia, ile digrii 23.4 ya vitabuni, unapimwa kutoka mstari uliosimama wima juu ya bapa la njia yake kuzunguka Jua. Mteremko wa barabara unapimwa kutoka mlalo. Taja unapoanzia.

#7 Mhariri wa Zamu

Hapo kwenye mteremko naongeza haraka: "10% slope" si "mteremko wa digrii 10". Asilimia 10 ni kushuka mita 1 kwa kila mita 10 za mlalo, karibu digrii 5.7. Asilimia 100 ni digrii 45 tu. Na "1:12" ya njia ya viti vya magurudumu isomwe "moja kwa kumi na mbili": kupanda sentimita 1 kwa kila sentimita 12 za mlalo, karibu digrii 4.8.

Jambo la lugha: "slope" haijali umesimama wapi, Kiswahili kinajali. Aliye juu ana mteremko mbele yake, aliye chini ana mwinuko au mpando. Ukitaka neno lisilochagua upande, kwa mfano sakafu ya bafu inayopeleka maji kwenye tundu, tumia mwinamo: "sakafu iwe na mwinamo wa sentimita 2 kwa kila mita kuelekea tundu la maji". Ukiandika mteremko pale utaeleweka, ila mwinamo unakaa vizuri zaidi kwa kitu ambacho hakuna anayetembea kukishuka.

#8 Mkuku

Salaam wana uzi. Mimi nimekuja kwa sababu ya "list" na "heel". Tafsiri za mashine zimetuumiza sana hapo.

"The ship has a list to port" imewahi kugeuzwa "meli ina orodha ya bandari". Orodha na bandari zote ni maana halali za maneno hayo, mahali pengine. Hapa sentensi inasema *meli imelala upande wa kushoto*, kushoto kwa mtu aliyeelekea omo, yaani mbele ya chombo. Na "the boat heels" haina kisigino popote ndani yake.

Watu wa bahari hatusemi chombo kimeinama. Chombo *kinalala*. Na hapa Kiswahili kina utajiri ambao wafasiri hawautumii, uko kwenye kauli za kitenzi.

"Chombo kimelala upande." Sababu iko ndani: shehena imewekwa upande mmoja, farumi (uzito wa kukituliza chombo) imehama, maji yamejaa upande mmoja wa ngama, yaani chini kabisa ndani ya chombo. Hali inabaki hata upepo ukikata. Hiyo ndiyo "list".

"Chombo kinalazwa na upepo." Sababu iko nje, na kauli ya kutendwa inaionyesha: upepo, wimbi, au kona kali. Kinalala upande wa demani, yaani upande upepo unakoelekea, na upepo ukipungua kinainuka. Hiyo ndiyo "heel".

Huhitaji istilahi mpya. Unahitaji *kimelala* na *kinalazwa*.

Mrama nao tuutenge. Chombo kinachokwenda mrama kinayumba, kinakwenda upande huu na kurudi ule. Kimelala ni mkao, mrama ni mwendo. Ukifasiri "listing" kwa "kwenda mrama", nahodha atafikiri bahari imechafuka wakati shida ni gunia zilizohama.

Na chombo kikiwa nchi kavu kwa kupakwa dawa au kuzibwa, kikisimamishwa kwa miti pembeni, ile miti ni gadi. Chombo kimetiwa gadi. Hapo ndipo mara ya kwanza unaweza kusema kimeegemea kitu.

#9 Sentensi Fupi

@Mkuku shukrani sana mkuu. Swali: kama meli imelala upande, kuirekebisha si ni kuhamishia mzigo upande wa pili tu? Nauliza kwa sababu nafasiri mwongozo wenye "list" na "loll" na nimeziandika zote "kulala upande".

#10 Mkuku

Usiziandike sawa, hapo watu wanaweza kufa.

"List" ni mzigo usiolingana. Ukihamisha uzito kwenda upande ulioinuka, meli inanyooka. Sawa.

"Loll" si mzigo wa upande. Ni meli iliyopoteza uthabiti kwa sababu uzito wake umekaa juu mno, au maji yanacheza huru ndani ya matangi. Haiwezi kusimama wima, kwa hiyo inaanguka upande wowote na kutulia pale kwa pembe fulani. Upande wa kulia au wa kushoto ni bahati tu. Sasa ukihamishia uzito upande ulioinuka, meli inapita wima kwa kasi na kuangukia upande wa pili kwa nguvu kubwa zaidi, na inaweza kupinduka. Kinachotakiwa ni kushusha uzito chini na kuzuia maji yanayocheza, na ukijaza matangi ya chini unaanza na tangi la upande uliolala.

Pendekezo langu la kuandika: "list" iwe *kulala kwa mzigo*, "loll" iwe *kulala kwa kukosa uthabiti*. Ni ndefu, sawa, lakini sababu imo ndani ya jina na baharia hatabahatisha. Mara ya kwanza yaeleze kikamilifu, kisha endelea nayo.

#11 Jicho la Mche

Naona hakuna aliyegusa hanamu, na kwa kazi za mikono hilo ndilo neno la "slant" linalotakiwa zaidi.

Kukata hanamu ni kukata ncha au ukingo usiwe mraba. Fremu ya picha: kila ncha inakatwa hanamu kwa digrii 45, mbili zikikutana zinafanya 90. Ukikosea digrii 1 kila ncha, kona ya mwisho itakuwa wazi, kwa sababu fremu ina ncha nane na kosa linajumlishwa. Patasi inanolewa hanamu kwa digrii 25, kisha ncha yenyewe kabisa inamaliziwa kwa 30 ili isivunjike haraka.

Kwa wakulima: kipando cha tawi kikatwe hanamu chini na mraba juu. Kwanza utajua upande wa kupanda, maana kipando kilichochomekwa kichwa chini ni kazi bure. Pili, jeraha la hanamu lina eneo kubwa la kunyonya maji. Unapopogoa waridi, kata hanamu karibu nusu sentimita juu ya jicho (pale chipukizi linapotokea), mwinamo ushuke *upande usio na jicho* ili maji yasitiririke juu yake. Ukiacha kisiki kirefu juu ya jicho kinakauka na kuoza. Ukikata karibu mno, jicho lenyewe linakufa.

Mshazari ni jambo jingine ingawa kamusi huyaweka karibu, na wapo wanaoyabadilishana. Mimi nayatenga hivi: mshazari ni mwelekeo wa mstari juu ya uso, kutoka pembe kuelekea pembe. Hanamu ni umbo la mkato. Kitambaa kinakatwa mshazari, yaani mkasi unapita digrii 45 kwa nyuzi zake, ndiyo maana kinanyumbuka na kukaa vizuri shingoni. Mvua ya upepo inanyesha mshazari. Mtu anakatiza uwanja mshazari.

#12 Kalamu Mbili

@Jicho la Mche, umenikumbusha hesabu. "Slant height" ya pia (umbo la koni) ni urefu wa mshazari, si kimo. Pia yenye kimo cha sentimita 4 na nusukipenyo cha 3 ina urefu wa mshazari wa 5. Ukilifasiri "kimo" mwanafunzi ataweka 5 kwenye kanuni ya ujazo na atakosa jibu bila kujua sababu.

Kwenye maandishi: "slanted letters" ni herufi zilizolala, na wahariri wana jina lake, hati mlazo. Mstari huu / unaitwa mkwaju. Kwa habari, "a slanted report" haina mshazari wowote. Ni taarifa inayoegemea upande. Uzuri ni kwamba egemea bado inabaki na maana yake ileile: taarifa imeweka uzito wake juu ya mtu.

#13 Sentensi Fupi

Na "tilt"? "She tilted her head" nimeandika "aliinamisha kichwa".

#14 Mhariri wa Zamu

Hapana ndugu, hiyo badilisha leo. Kuinamisha kichwa ni kukishusha mbele: haya, huzuni, heshima, sala. Ukiandika hivyo umempa mhusika hisia ambayo mwandishi hakumpa. Aliyesikiliza kwa makini huku sikio likienda begani *alilaza kichwa upande*. Aliyetazama juu *aliinua uso*, au kama shingo imekwenda sana, *alirudisha kichwa nyuma*. Zote tatu kwa Kiingereza zinaweza kuwa "tilt".

Kwa vyombo vya maji inamisha ni sawa: inamisha kikombe. Lakini lipo neno zuri zaidi ambalo linaanza kusahaulika, *inika*. Kuinika mtungi ni kuulaza upande ili kilichomo kimiminike. Inamisha inaeleza umbo tu, inika inabeba na nia ya kumimina. Kwenye mapishi au maelekezo ya maabara, "inika chupa taratibu mpaka kioevu kifike mdomoni" inasomeka vizuri kuliko kuzungusha maneno manne.

#15 Fundi Pimamaji

Vipi picha ukutani? Hapo hakuna kuinama wala kuegemea. Picha *imekwenda upande*, au *imekaa upande*. Kofia hali kadhalika. Kwa kitu kinachotakiwa kufuata mlalo na hakifuati, hilo ndilo neno tunalosema.

#16 Mhariri wa Zamu

Ndiyo, na hiyo ndiyo "askew". Jirani zake ni kombo, pogo na benibeni. Tahadhari moja: kombo, tenge na mrama zimehamia sana kwenye mambo. "Mipango imekwenda kombo", "mambo yameenda tenge", "safari imekwenda mrama". Ukiandika "picha imekwenda mrama" msomaji atafikiri upigaji picha umeharibika. Benibeni bado inatumika pande zote mbili, vitu na mambo, ila inabeba na fujo ndani yake: kitu kimoja kilichopinda kwa unadhifu hakiwi benibeni.

#17 Mkuku

Kwa wanaofasiri miongozo ya pikipiki na ndege: kulala kunafaa hukohuko. Dereva *analaza* pikipiki kwenye kona, ndege *inalala upande* inapokata kona. Neno "bank" msiliache likaenda kwenye fedha. Kwa mfano wa kipimo, pikipiki iliyo kwenye mwendo wa kilomita 36 kwa saa, kona yenye nusukipenyo cha mita 20, inalala takriban digrii 27 kutoka wima. Mwendo ukiongezeka pembe inakua haraka, kwa sababu kinachohesabiwa ni mraba wa mwendo. Usiandike "dereva anaegemea kona". Anaegemea nini hewani?

#18 Sentensi Fupi

Swali la mwisho, wakuu. "Lean meat", "lean years", na "he leant out of the window". Za kwanza mbili sizioni zinainama wapi.

#19 Kalamu Mbili

Haziinami. "Lean" ya nyama ni neno jingine lenye asili yake, limefanana tahajia tu na kitenzi. Nyama isiyo na mafuta, miaka ya dhiki, mtu mwembamba aliyekazana. Kitambulisho: likikaa mbele ya nomino bila -ing, mara nyingi ni hilo. "A leaning wall" ni ukuta ulioinama, "a lean dog" ni mbwa aliyekonda.

"Leant" ni wakati uliopita wa kitenzi, Waingereza wanaipenda na inatamkwa sawasawa na "lent", ya kukopesha. Wamarekani wengi huandika "leaned". Anayenukuu sauti kuwa maandishi aangalie hapo.

Na dirishani usitumie inama peke yake. "Alitoa kichwa dirishani", au "alijitokeza dirishani hadi kiunoni" kama mwili nao umetoka. Ukitaka onyo la kwenye treni, ni fupi: "Usitoe kichwa wala mkono nje ya dirisha."

#20 Jicho la Mche

Kabla uzi haujashuka, turudi kwenye mti wa #1. Anayeandika taarifa aongeze mstari mmoja baada ya kitenzi: hali ya udongo upande *ulio kinyume* na mwinamo. Mti uliokua umeinama tangu mche huwa na shina lililojipinda taratibu kurudi juu, na udongo wake umetulia. Huo andika "umeota umeinama". Ukikuta shina limenyooka kama mlingoti ilhali mti mzima umekwenda upande, udongo wa nyuma umepasuka au umevimba na mizizi inaonekana, mti huo umeng'oka nusu. Andika "unainama", kwa -na-, na uweke tarehe.